Ukiona usiku, utafanya nini asubuhi?



Mama mmoja wa kanisa hapa Lubumbashi alinivuta kando nyuma ya ibada. Mtoto wake mchanga alikuwa na homa tangu siku tatu. Usiku aliona katika ndoto mtoto wa jirani, yatima wa miaka 8 anayeishi kwa mjomba wake, amesimama karibu na kitanda cha mgonjwa. Akaniuliza: «Baba, niseme mbele ya kanisa ao ninyamaze? Nikinyamaza, sitamzimisha Roho?»

Hilo si swali dogo. Sisi tunaamini maono. Kanisa lisilongojea Mungu aseme nalo limekuwa ofisi tu. Lakini kila mtu wa mji huu anajua mambo yanayofuata mtoto akiisha kutajwa: ananyimwa chakula, anapigwa, na mwisho analala sokoni. Tunawaona kila siku, na wengi wao jina lao lilitoka kinywani mwa mtu aliyekuwa akiomba.

Tulifungua Matendo ya Mitume, sura ya 11. Nabii Agabo aliona njaa kubwa inakuja. Wanafunzi wa Antiokia walifanya nini? Hawakutafuta nani aliyeleta njaa. Kila mmoja alitoa kadiri alivyoweza, wakawapelekea ndugu wa Yudea kwa mikono ya Barnaba na Saulo. Unabii ule uliishia katika makusanyo! Farao naye aliota ng'ombe waliokonda. Yosefu hakumwambia atafute mchawi wa ng'ombe, alimwambia ajaze ghala kwa miaka 7.

Mtu atajibu: Petro aliwafunua Anania na Safira. Ndiyo. Lakini wale walikuwa watu wazima, jambo lilikuwa feza ya shamba lao wenyewe, naye aliwauliza uso kwa uso. Mtoto wa miaka 8 atajibu nini mbele ya watu mia wanaopaza sauti? Wengine wanakubali kwa kuchoka na fimbo tu.

Paulo naye aliwaagiza Wakorinto kwamba manabii wakisema, wengine wapime. Kama kila neno la mwonaji lingekuwa safi, kupima kwa nini? Roho hadanganyi, lakini sikio letu lina woga wetu ndani yake, na magomvi ya lupango. Mama huyu mwenyewe aliungama kwamba alikuwa na neno na yule mjomba juu ya ukuta. Sheria ya inchi pia, ile ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, inamwazibu anayemshitaki mtoto kwa uchawi. Ninaitaja haraka, maana mkristo asingengoja serikali imfundishe hili.

Wengi wanafikiri kipaji ni jambo la kusimama mbele ya watu. Simoni Kimbangu alianza kuponya kule Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Septemba mwaka uleule alikuwa mikononi mwa Wabelgiji. Akafa mfungwa mji huu huu, zamani Elisabethville, tarehe 12 Oktoba 1951. Miezi mitano ya makutano, miaka 30 ya kifungo. Roho alifanya kazi wapi zaidi? Mimi ninasema ni gerezani. Wazee wengine hawakubaliani nami.

Nilimwambia mama: ndoto imekuja kwako, basi ni wewe unayedaiwa. Mtoto mgonjwa umpeleke kituo cha afya leo, si kesho. Yule yatima umwombee chumbani, kisha uende uone anaishi namna gani. Na neno lenyewe ulilete kwa wazee wawili, kwa siri, tulipime.

Alikasirika kidogo, lakini alienda. Walipima damu, ikawa malaria, mtoto akapata dawa na kupona. Juma lililofuata alienda kwa jirani na sahani ya bukari na sombe, akakuta yule yatima anakula mara moja kwa siku na kulala barazani.

Juu ya ndoto yenyewe hatujapatana mpaka leo. Yeye anasema alionyeshwa njaa ya mtoto yule. Mzee mmoja anasema ni mama aliyekosa usingizi siku tatu, basi. Mtoto anakuja kwake kila jioni sasa, na ameuliza kama anaweza kuingia katika kwaya ya watoto.