Kobe Anayetafuna Ukuta

Mwezi wa Julai 2020, katika kisiwa cha Frégate huko Shelisheli, mtafiti Anna Zora alimwona kobe mkubwa, jike, akilifuata kinda la ndege wa baharini lililoanguka kutoka kiotani. Kinda lilikuwa juu ya gogo, halijajua kuruka. Kobe akapanda gogo taratibu, kinywa wazi, akalisogelea hadi likakosa pa kukimbilia. Akaliuma kichwani, likafa, akalimeza. Zora alikuwa na kamera. Mwaka uliofuata yeye na Justin Gerlach wa Cambridge wakaliandika tukio hilo katika jarida la kisayansi, na ile video ikazunguka dunia.

Wengi walioitazama walisema kobe yule ni katili. Kinda lilinitia huruma hata mimi, lakini hilo neno katili limenikaa moyoni tangu siku hiyo na sijalikubali. Kisiwa kile kilikuwa kimepandwa miti upya, ndege wakarudi kwa maelfu kwa maelfu, wakajenga viota juu, na makinda yakawa yanadondoka chini ambako kobe ndio wenyeji. Nyama na mifupa vina protini na madini ambayo majani hayatoi kwa wingi. Sisi tulikwisha kuamua kwamba kobe ni mla majani, mpole, mzee wa hadithi. Alipokula kitu ambacho hatukumpangia, tukampa jina baya kabla ya kumuuliza ana haja gani.

Nyumba ya pili kutoka kwetu, hapa Unguja, kuna mama mtu mzima anayefuga kobe uani kwa kibali. Mtaa mzima tunamwita Bi Mkubwa. Asubuhi moja aliniita dirishani. "Mwanangu, njoo unitazamie. Nyasi ananiachia, ukuta anautafuna. Huyu kaingiwa na nini?"

Kweli alikuwa anautafuna. Ukuta wa ua ule ni wa zamani, mawe ya matumbawe na chokaa, na chini, usawa wa kichwa cha kobe, plasta ilikuwa imekwanguliwa mstari mrefu. Kobe hana meno; ana mdomo mgumu wenye makali, na alikuwa akiukwaruza ukuta kwa bidii ya mtu anayefanya kazi anayoijua. Watu wa nyumbani walikuwa wameshatoa hukumu zao. Mmoja alisema ni uzee. Mwingine alisema ni husuda ya jirani. Kijana wa nyumba alipendekeza ukuta upakwe rangi ya mafuta ili mnyama akome.

Chokaa ni kalsiamu. Gamba la kobe ni mfupa, na mfupa ule unajengwa maisha yake yote. Jike anayetunga mayai anahitaji kalsiamu zaidi, kwa sababu kila yai lina ganda la kutengenezwa. Kobe wa porini huyatafuta madini hayo wenyewe. Kobe wa jangwani wa Marekani huchimba na kula udongo wenye kalsiamu, na kobe wa madoa wa nyika zetu hutafuna mifupa mikavu, hata kinyesi cha fisi, ambacho huwa cheupe kwa sababu ya mifupa aliyoila fisi. Kobe wa Bi Mkubwa hakuwa na nyika. Alikuwa na ukuta.

Lakini kulikuwa na jambo la pili, nalo lilinichukua muda kuliona. Ua ule una kuta ndefu, na mwaka uliopita walitandaza turubai juu ili nguo zisilowe mvua. Jua likawa haliingii ila kidogo sana mchana. Mwili wa kobe, sawa na wetu, unahitaji mwanga wa jua kwenye ngozi ili utengeneze vitamini D, na bila vitamini hiyo kalsiamu iliyoliwa haifiki mahali pake. Kwa hiyo ungeweza kumlisha chokaa tani nzima na bado akabaki na njaa ile ile. Turubai lilivutwa nusu. Bi Mkubwa akatuma mtoto ufukweni kuokota ule mfupa mweupe mwepesi wa dome ambao mawimbi huutupa, akauweka karibu na chombo cha maji. Kobe akauendea siku hiyo hiyo. Ukuta aliusahau baadaye, pole pole.

Tangu hapo nimekuwa nikisikiliza watu wanavyomsema mnyama anapokula vibaya, na karibu kila mara maneno yao ni ya tabia: mroho, mchafu, amedeka. Kobe mchanga anapokula kinyesi cha kobe mkubwa, watu hugeuza uso. Ila nyasi haisagiki tumboni bila vijidudu vinavyoichachua, na kifaranga wa kobe hazaliwi navyo. Inadhaniwa huvipata kwa wakubwa wake kwa njia hiyo. Kobe anapomshambulia bibi harusi kwenye kidole cha mguu chenye hina, hana ugomvi naye. Anaziona rangi, na nyekundu na ya machungwa humvuta kwa sababu porini hizo ndizo rangi za tunda lililoiva na za maua. Kule Aldabra, visiwa vya Shelisheli ambako ndiko asili ya kobe wakubwa tunaowaona kwenye kisiwa chetu cha Changuu, maji matamu ni haba na hukaa kwenye vishimo vifupi vya mwamba. Kobe wa huko wanajua kuyanywa kwa kupitisha puani. Mgeni akimwona atadhani anazama.

Wale wa Changuu walitoka Shelisheli mwaka 1919, kobe wanne, zawadi ya serikali ya huko kwa Zanzibar. Wakazaana wakawa wengi, kisha wakaibwa hadi kufikia 1996 walibaki saba tu, ndipo wakajengewa uzio. Leo wageni huwapelekea majani na hupenda sana kupigwa picha kobe akinyoosha shingo. Ninapenda ule upendo. Ninachouombea ni macho. Mtu huja na alichonacho mkononi, mkate, biskuti, kipande cha embe, na kobe hukila kwa sababu ni kitamu, na mtu huondoka na furaha ya kupokewa. Majumbani ni hivyo hivyo: wali unaobaki, ugali, ndizi mbivu kila siku. Tumbo lililoumbwa kwa nyasi ngumu huchafuka kwa sukari na wanga, anaharisha, gamba nalo hukua kwa vilima visivyo vya kawaida kwa mnyama aliyeishi pakavu na kulishwa vibaya. Aliyemlisha hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuwa akilisha kile ambacho yeye mwenyewe angependa kupewa.

Kukataa chakula kunatutisha kuliko kula vibaya, na mara nyingi sababu iko hewani. Damu ya kobe hufuata joto la mahali alipo. Akipata baridi ya kipupwe usiku kucha na kivuli mchana kutwa, tumbo lake halifanyi kazi, naye anajua, kwa hiyo hali. Kumsukumia chakula mdomoni ni kumwonea; apelekwe juani kwanza. Ila akikataa siku nyingi huku anatoa mapovu puani, au akila mchanga kwa wingi na hapati choo, huyo ni wa daktari wa mifugo, na ni leo.

Kisha kuna Jonathan, kobe wa kisiwa cha Saint Helena, anayekadiriwa kuzaliwa mwaka 1832. Alifika kisiwani 1882 akiwa tayari mtu mzima, na anaishi katika viwanja vya nyumba ya gavana. Macho yalimwisha kwa mtoto wa jicho, na pua ikaacha kunusa. Alikuwa bado anashinda malishoni, kichwa chini, na kwa mpita njia alikuwa kobe anayekula. Daktari wa wanyama Joe Hollins aliutazama mdomo wake kwa karibu akaona makali yameisha, unamomonyoka, haukati tena nyasi. Mnyama yule alikuwa anakufa njaa katikati ya majani. Hollins akaanza kumlisha kwa mkono kila wiki, matunda na mboga, na mdomo ukarudi kuwa mgumu. Alikuwa akimfuata Jonathan na chakula, akimgusa nacho, maana kobe yule hawezi kukiona wala kukinusa. Nimeirudia habari hii mara nyingi. Kinachonigusa ni kwamba maelfu ya watu walikwisha kumpiga picha akila.

Siwezi kuandika haya yote nikanyamaza kuhusu wajawazito wetu wanaokula udongo. Nenda soko lolote utawakuta wauzaji wa vibonge vyake. Bara wanaviita pemba. Msichana ananunua akificha mkononi, anakula nyuma ya mlango, na akionekana anachekwa: huyu naye, mtu mzima, udongo! Hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Na udongo hauwi tiba yake. Unaweza kuyazuia madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula yasiingie mwilini, na unaweza kubeba mayai ya minyoo. Kwa hiyo msichana yule anazidi kupungukiwa huku akifuata hamu yake, na kicheko chetu kinamfundisha jambo moja tu, kwamba asiseme.

Mke wa mjukuu wa Bi Mkubwa alikuwa na mimba ya miezi sita wakati ule wa kobe na ukuta. Bi Mkubwa aliukuta udongo kwenye mkoba wake. Kwa mazoea ya nyumba ile angegomba, tena kwa sauti. Badala yake alimuuliza, "Mwanangu, umeanza lini kuutaka?" Yule binti akalia, akasema tangu mwezi wa tatu wa mimba, na kwamba kliniki hakuwaambia kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Wakaenda wote wawili. Damu ilikuwa chini sana.

Najua manesi wetu wanavyofanya kazi, foleni ikiwa hadi barazani, na najua wanavyopima uzito, presha na damu, na kugawa vidonge vya madini ya chuma ambavyo wengi huviacha kwenye kabati. Naomba waongeze swali moja, waliulize kwa upole na mlango ukiwa umefungwa: mama, siku hizi unatamani kula nini?