Mwanga wa Mawe: Taa za Betri katika Sikukuu za Lubumbashi

Taa ya sikukuu inayowaka kwa betri huundwa kwa vitu visivyokosekana Lubumbashi: kopo lililotobolewa au chupa ya plastiki, waya uliong'olewa katika redio mbovu, balbu ndogo ya LED, na mawe mawili ya tochi. Mawe hayo, kila moja volti 1.5, yakiungwa kichwa kwa mkia hutoa volti 3, zinazotosha balbu moja nyeupe. Anayetumia betri ya simu, ambayo ikijaa hufika volti 4.2, huweka rezista ndogo katikati ili balbu isiungue. Naye huangalia asiitoboe betri hiyo, kwani ikitobolewa huweza kulipuka moto. Karatasi ya rangi ikizungushwa juu ya taa, nyota ya Noeli iko tayari kutundikwa mlangoni.

Haja yake inaonekana. Noeli ya Katanga huangukia majira ya mvua, na mshumaa uliowekwa uani haudumu. Umeme nao hukatika. Laini kubwa ya umeme kutoka bwawa la Inga, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ilikamilika mwaka 1982 ili kulisha migodi ya Shaba, kama mkoa ulivyoitwa wakati ule, ikapita juu ya vijiji vingi bila kuviachia hata balbu moja.

Je, mwanga wa betri ni ishara ya sikukuu sawa na mshumaa, au ni pambo tu? Mwaka 1895 Roma ilipoulizwa kuhusu umeme kanisani, ilijibu kwamba wafaa kufukuza giza na kuling'arisha jengo, mradi usifanane na michezo ya jukwaani; kwa ibada yenyewe haufai. Hoja ya wanaotetea mshumaa inaeleweka. Nta hupungua mbele ya macho ya waamini, na usiku wa Pasaka moto wa mshumaa mkuu hupokezanwa mkono kwa mkono bila kupungua. Taa ya kubonyeza haionyeshi inatoa nini.

Hata hivyo betri nayo hujitoa. Zinki iliyo ndani ya jiwe la tochi huliwa kidogo kidogo hadi jiwe likachoka, ndiyo maana la zamani huvuja. Betri nyingi za simu zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Lualaba na Haut-Katanga, nyingine ikichimbwa kwa mikono katika mashimo yanayoporomoka. Hapa ndipo swali linapokuwa zito. Gharama ya mwanga huo ililipwa kabla taa haijawashwa, tena na mtu ambaye hakualikwa kwenye sikukuu. Wengine wangependa kuiita gharama hiyo sadaka. Kuiita hivyo ni kosa, kwa sababu sadaka hutolewa kwa hiari, na jasho la mchimbaji aliyebanwa na njaa halipati utakatifu kwa kung'aa mlangoni pa mwingine. Kilichotolewa kwa hiari katika taa ya nyumbani ni muda wa mikono iliyoikata, iliyoiunga na kuipamba kwa ajili ya wageni. Ishara ya taa hiyo imekaa hapo, na taa ya dukani haina.

Katanga ilikwisha kulifikiria jambo hili la kutoa na kupungua kwa lugha yake. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alichapisha kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu mwaka 1945 katika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akidai kwamba kwa Wabantu kuwako ni kuwa na nguvu inayoweza kuongezeka au kupungua. Baadaye chama cha Kikatoliki cha Jamaa, kilichozaliwa kwake Kolwezi katika miaka ya 1950, kilifundisha kwa Kiswahili mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Kiswahili kimeweka kuzima na uzima katika sauti moja. Taa huzima, mtu huwa mzima. Kwa mafundisho hayo uzima hukua kwa kukutana, na kopo lililotobolewa na watoto pamoja na baba yao limefanya kazi hiyo hata kabla ya jioni kuingia.

Basi mahali pa taa ya betri ni mlangoni, uani na kando ya hori la Noeli. Altare ibaki na mshumaa.