Pole Anapewa Nani?

Usiku wa Alhamisi, tarehe 13 Aprili 2023, Lisandro Martínez alianguka katika uwanja wa Old Trafford, dakika chache kabla ya mechi kwisha. Beki huyo wa Manchester United hakuweza kusimama. Waliombeba kumtoa nje walikuwa wapinzani, Gonzalo Montiel na Marcos Acuña wa Sevilla, Waargentina wenzake waliotwaa naye Kombe la Dunia kule Qatar miezi minne tu kabla. United walikuwa wamemaliza nafasi za kubadilisha wachezaji, wakabaki kumi, na mechi ikaisha 2–2. Baadaye klabu ikatangaza kwamba amevunjika mfupa wa unyayo na msimu wake umekwisha.

Sisi tuliyaona hayo katika banda la mpira huku Kalinzi, kijiji cha kahawa na migomba kilicho milimani, kwenye barabara ya kutoka Kigoma mjini kwenda Manyovu. Ilikuwa Ramadhani, na waliotoka tarawehe waliingia na makoti yao, maana usiku wa huku una baridi. Kesho yake sokoni nilisikia watu wakiambiana, “Poleni, wana Manchester.” Na wana Manchester wakajibu, “Tumeshapoa.”

Jibu hilo lilinikaa kichwani. Aliyevunjika yuko Manchester, na anayepoa yuko Kalinzi! Pole ya Kiswahili haihitaji mtu awe na hatia ndipo aitoe, lakini lazima iwe na mwenyewe, aliyepatwa na jambo. Je, shabiki amepatwa na nini?

Wapo wanaotucheka kwamba tunamlilia tajiri wa Ulaya na kuwaacha majirani. Hoja hiyo naiona nyepesi. Huzuni si debe la maharage, kwamba ukimpimia wa mbali, wa karibu atakosa. Na waliolia kwenye banda lile ni walewale wanaobeba jeneza kijijini na kuchangia mgonjwa. Kinachonisumbua ni kitu kingine.

Binamu yangu alikuwa winga wa timu ya mtaani kwetu. Alivunjika mguu uwanjani, kwenye mechi ya kirafiki tu. Mchango ulipitishwa siku ileile, na watu walitoa kwa moyo. Kisha kwa wiki kadhaa kila aliyepita nyumbani aliuliza swali moja: “Unarudi lini?” Walimaanisha uwanjani. Yeye alikuwa akiwaza atapandaje mteremko wa shamba la kahawa, na nani atabeba maji. Hakuna aliyemchukia. Walimpenda sana, ila walichokipenda ni ule mguu, nao waliuhesabu kuwa wao.

Swali hilohilo ndilo lililojaa bandani kuhusu Martínez. Atarudi lini, nani ataziba pengo, tutamfungaje fulani. Katika msiba tunamjua mfiwa hata bila kutambulishwa: ni yule anayebaki na jambo baada ya matanga kuanuliwa na wageni kurudi kwao. Kwa kipimo hicho shabiki ni mgeni msibani, hata kama amekaa kwenye mkeka wa wafiwa. Siku kumi baada ya mguu ule kuvunjika, Victor Lindelöf, aliyekuwa akicheza pale nyuma, alipiga penalti ya ushindi dhidi ya Brighton kwenye nusu fainali ya Kombe la FA. Banda lililipuka. Sijasikia kwamba kuna aliyeona aibu, na sioni kwa nini aone. Kupona haraka ni haki ya mgeni.

Lakini mgeni akijidai ni mfiwa, ataanza kupanga mambo ya nyumba isiyo yake. Atasema mchezaji achomwe sindano acheze, kwamba wa zamani walicheza na maumivu, kwamba huyu ni laini. Niliyasikia hayo yote kwa masikio yangu, kutoka kwa watu wanaovaa jezi yenye jina lake. Neno “tumeumia” lilianza kama huruma, nalo likageuka madai.

Nadhani ndiyo maana picha ya Montiel na Acuña imenikaa kuliko bao lolote la usiku ule. Walikuwa na mechi ya kuokoa, na kuumia kwake kuliwafaa. Hawakusema “tumeumia.” Walimwinua tu.

Martínez alirudi msimu mpya ulipoanza, na Septemba ikatangazwa kwamba jeraha lilelile limemrudia na atakaa nje muda mrefu. Binamu yangu, ambaye ni Simba damu na hajawahi kushabikia United, alinipigia simu. Aliuliza kama wamempasua tena, na kama akikanyaga anahisi kokoto ndani ya kiatu hata akiwa peku. Nikamwambia habari haikuandika hivyo.