Msiwafiche Watoto Mifupa ya Olduvai

Nawaandikia ninyi wazazi, ninyi walimu wa shule ya Jumapili, na ninyi watumishi mnaosimama madhabahuni. Nawaandikia kwa ajili ya watoto wetu, ambao Jumatatu wanafungua kitabu cha historia cha kidato cha kwanza na kukuta habari za Olduvai, za zamadamu na zana za mawe, na Jumapili wanaambiwa kwamba anayekubali hayo amemkana Kristo. Mtoto wa miaka kumi na minne anabebeshwa uamuzi huo! Ama ajibu mtihani huku moyoni akijiona msaliti, ama aimbe kwaya huku akijiona mnafiki. Nani amemtuma mtumishi wa Mungu kumtwisha mtoto mzigo huo? Kristo hakumtuma. Mitume hawakumtuma.

Nimeketi na vijana walioingia chuo kikuu na imani yao, na kabla mwaka wa kwanza haujaisha wakawa wameiweka kando. Nimewasikiliza. Hakuna aliyeniambia kwamba amechunguza kaburi la Yesu akaona si tupu. Walifundishwa tangu utotoni kwamba msalaba na umri wa dunia vimefungwa kamba moja, na siku umri ule ulipoanguka mbele ya mhadhiri, wakadhani na msalaba umeanguka. Waliofunga kamba ile ni sisi. Tuifungue sisi, upesi, kabla hatujapoteza wengine.

Twendeni kwanza kwenye Korongo la Olduvai lenyewe, maana wengi wanaolipinga hawajawahi kuuliza ni nini kilichopatikana pale. Tarehe 17 Julai 1959 mwanaakiolojia Mary Leakey alikuwa akipekua mteremko wa korongo lile, mumewe Louis amelala kambini na homa, akaona mfupa umechomoza kwenye udongo. Lilikuwa fuvu la zamadamu waliyemwita Zinjanthropus. Lilikuwa limevunjika vipande mamia, wakaviokota kimoja kimoja, wakaviunga. Leo limehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Na jueni hili pia: Louis Leakey alizaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903, mtoto wa wamisionari wa Kianglikana. Ile hadithi kwamba mifupa hii ililetwa na watu wasiowahi kusikia Injili haina msingi.

Kisha shukeni kusini kama kilomita 45 hadi Laetoli. Hapo mwaka 1978 kikosi cha Mary Leakey kilifukua nyayo. Volkano ya Sadiman ilikuwa imemwaga majivu, mvua ikanyesha juu yake, majivu yakawa tope laini, na viumbe waliotembea kwa miguu miwili wakapita. Jua likalikausha lile tope likawa gumu kama saruji, majivu mengine yakalifunika. Zimo alama za tembo, za sungura, za kanga. Zimo hata alama za matone ya mvua yenyewe! Miaka milioni 3.6 imepita, na matone ya mvua moja ya Ngorongoro bado yanasomeka. Ndugu yangu unayempenda Muumba, unawezaje kusikia habari hiyo ukakunja uso? Mimi nikiisikia nataka kuimba.

Utaniuliza: hiyo miaka wameipataje? Swali zuri, na kanisa lisiogope kulijibu. Miamba ya volkano ina potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole sana kuwa gesi ya agoni. Mwamba ukiwa umeyeyuka, gesi hutoroka. Ukishapoa, gesi inayozaliwa ndani hunaswa. Ni sawa na mtungi uliomwagwa maji yote, ukawekwa chini ya paa linalovuja: ukijua matone yanaanguka kwa mwendo gani, pima maji yaliyomo, utajua uliwekwa lini. Nusu ya potasiamu ya aina ile huhitaji miaka kama bilioni 1.25 kugeuka. Mwaka 1961 Evernden na Curtis, wanasayansi wa California, walitangaza umri wa tabaka lililokuwa na fuvu lile: miaka milioni 1.75 hivi. Wengine wamepima baadaye kwa njia nyingine, na jibu limebaki jirani na lile.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo imani inapoingia. Nani aliiamuru potasiamu ishike mwendo wake, isikimbie leo na kuchelewa kesho? Someni Yeremia sura ya 33. Bwana, akitaka kuwahakikishia watu wake kwamba hatawatupa, anaweka rehani kanuni alizoziwekea mbingu na nchi: kama kanuni hizo zinaweza kuvunjika, ndipo na agano lake litavunjika. Uaminifu wa mwamba ni shahidi wa uaminifu wa Mungu! Halafu anasimama mhubiri na kusema kwamba Mungu aliiumba miamba ikiwa na sura ya uzee ili kutujaribu. Najua anasema kwa nia ya kumtetea Bwana. Lakini apime maneno yake. Anamfanya Mungu wa kweli aandike uongo katika kila jiwe la bara letu, na kesho yake anatutaka tuamini kila alichosema Mungu huyo huyo. Mungu si mtu hata aseme uongo. Hilo Balaamu mwenyewe alilazimika kulikiri mbele ya mfalme aliyemkodi.

Tena hiyo miaka elfu sita inayopiganiwa kwa machozi, imeandikwa wapi? Tafuteni katika Biblia yote, kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo. Haimo. Ni hesabu. Kati ya waliozipiga, aliyepata sifa kuliko wote ni James Ussher, Askofu Mkuu wa Armagh huko Ireland, ambaye mwaka 1650 alijumlisha vizazi na miaka ya wafalme akafika mwaka 4004 kabla ya Kristo. Alikuwa msomi mkubwa na alifanya kazi yake kwa uchaji, simdharau. Lakini tarehe zake zilikuja kuchapwa pembeni mwa kurasa za Biblia za Kiingereza, na watu wakasahau kutofautisha maandiko na maelezo ya pembeni. Hivi leo yuko mzee wa kanisa huku kwetu anayemkemea mjukuu wake kwa ajili ya hesabu ya askofu wa Ireland, akidhani anamtetea Musa.

Basi fungueni Mwanzo yenyewe, muisome taratibu. Jua linawekwa siku ya nne. Jioni na asubuhi zimekwisha kupita mara tatu kabla hakujawa na jua. Je, mwandishi hakujua kwamba asubuhi huletwa na jua? Alijua vizuri kuliko sisi tunaoamshwa na simu. Ingieni sura ya pili: pale mtu anafinyangwa kabla mche wa kondeni haujachipuka, na wanyama wanafuata baada yake, ilhali sura ya kwanza imetanguliza mimea na wanyama, mtu akaja mwisho. Sura hizo mbili zimekaa bega kwa bega. Roho Mtakatifu hakuona haya kuziweka hivyo, wala hakumtuma mtu azisawazishe. Anatufundisha namna ya kusoma.

Na anayesoma hivyo atapata nini? Atapata moto! Babeli walisujudia jua na mwezi. Mwanzo inavifanya taa za kuhudumia, tena inavichelewesha hadi siku ya nne. Mataifa yalihesabu kwamba mfalme peke yake ndiye sura ya mungu. Mwanzo inasema kila mwanamume na kila mwanamke, hata mtumwa, hata mchunga mbuzi, ameumbwa kwa mfano wa Aliye Juu. Neno hilo limetikisa himaya. Sisi tumelishusha tukaligeuza ratiba ya juma moja, kisha tunabishana kuhusu saa.

Msidhani kwamba usomaji huu umebuniwa juzi ili kuwafurahisha wasomi. Agostino, mwana wa Afrika, aliyezaliwa Thagaste katika nchi tunayoiita Algeria leo, mwaka 354, alikuwa askofu wa Hippo alipoandika kitabu kikubwa juu ya Mwanzo. Aliona kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja, na siku sita ni mpangilio wa kutusaidia sisi kuelewa. Akaonya kwa ukali kwamba Mkristo anayesema ovyo juu ya nyota na dunia, mbele ya asiyeamini anayeyafahamu mambo hayo, anaifanya Injili idharauliwe, kwa kuwa msikilizaji atasema: kama wamekosea katika ninalolijua, nitawaaminije katika ufufuo? Hayo aliandika zaidi ya miaka 1,400 kabla ya kitabu cha Darwin cha mwaka 1859. Mwafrika mwenzetu ametuonya mapema hivyo, nasi tumekwenda kutafuta walimu mbali.

Mtanishika kwa Warumi 5: basi Adamu ni nani? Sitakwepa. Wako Wakristo waaminifu wanaomwona Adamu kuwa mtu mmoja aliyeitwa na Mungu kutoka miongoni mwa watu wa kale akapewa agano. Wako wanaomwona kuwa habari yetu sote, iliyosimuliwa katika mtu mmoja. Wanaendelea kujadiliana, na mjadala huo ni mgumu. Lakini Paulo alisimamia jambo ambalo hakuna fuvu linaloweza kulithibitisha wala kulipinga: kwamba dhambi imetutawala wote, nami ninaijua kwa majina ndani ya moyo wangu, na kwamba neema ya mtu mmoja, Yesu Kristo, ni kubwa kuliko anguko lile. Kipime kifungu hicho kwa maisha yako. Kitasimama.

Na ninyi wasomi mnaoshika mfupa mkononi na kutangaza kwamba Mungu hayupo, nanyi mmeruka mpaka. Kipimo cha agoni hakina mahali pa kusoma kama maisha ya mtu yana thamani. Jifunzeni kwa Georges Lemaître, padre wa Ubelgiji, aliyeonyesha mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na baadaye akaeleza kwamba ulianza kutoka hali moja iliyobanana sana. Mwaka 1951 Papa Pius XII aliposema hadharani kana kwamba ugunduzi huo unathibitisha uumbaji, padre yule hakufurahi. Hakutaka imani yake iegemee hesabu zake, wala hesabu zake ziegemee imani. Alivaa kanzu ya upadre hadi kufa, akapiga hesabu zake kwa uhuru wote.

Ninawasihi kwa nguvu kwa sababu hofu hii haikomei kwenye makumbusho. Inaingia hadi vitandani mwa watoto wetu. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha kazi aliyoifanya kwa kupima damu za watu wa Afrika Mashariki. Alionyesha kwamba aliyerithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana chembe hiyo imedumu na kuenea katika nchi za mbu, Ukanda wa Ziwa na pwani. Hayo ndiyo mageuko mnayoogopa kuyataja kanisani. Yanatembea katika mishipa ya waumini waliokaa viti vya mbele. Lakini wazazi wote wawili wakiwa na chembe hiyo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa kamili, anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa.

Na mama wa mtoto huyo akija kwetu, tunamwambia nini? Nimesikia kwa masikio yangu akiambiwa ni laana ya ukoo. Nimesikia akiambiwa kuna mkono wa mtu, akapangiwa mfungo wa siku kadhaa, akakatazwa dawa kwa kuwa dawa ni kukosa imani. Isaya alipotumwa na Mungu kwa Hezekia aliyekuwa mgonjwa wa kufa, alileta ahadi ya uponyaji, na papo hapo akaagiza bonge la tini liwekwe juu ya jipu. Nabii aliagiza dawa! Sisi ni nani hata tumnyang'anye mama kadi ya kliniki? Tumwekee mikono, tuombe na kulia naye, na kesho asubuhi tumsindikize hospitali, mtoto apate dawa ya haidroksiurea ikiwa daktari ameona inamfaa, na chanjo, na kinga ya malaria. Anayemwita mama huyo aliyelaaniwa, kwa sababu tu hataki kujua damu inavyorithiwa, atajibu mbele ya Bwana wa watoto.

Kwa hiyo nawaomba haya, na nawaomba kwa jina la Yesu. Walimu wa shule ya Jumapili, wapelekeni watoto makumbusho pale Mtaa wa Shaaban Robert, na wanaoweza wafike Olduvai; wakiwa pale someni nao Zaburi ya 8, ambayo inauliza mwanadamu ni kitu gani hata akumbukwe, kisha waacheni waulize wanachotaka. Wachungaji, kijana akija na swali la zamadamu, msimpe pepo wa kukemewa. Mpeni kiti. Kama hamna jibu, mtafuteni mwalimu wa baiolojia aliye muumini katika usharika wenu, naye yupo, amekaa kimya kwa miaka akiogopa kutengwa. Na wachumba wanaokuja kuandikisha ndoa, ambao tayari mnawauliza habari za ubatizo na ruhusa ya wazazi, waambieni wakapime selimundu kabla ya tangazo la kwanza, majibu yabaki siri yao, na wakitaka mtu wa kuzungumza naye, mlango wenu uwe wazi juma zima.