Seva Zinapopingana

Mteja anauliza taarifa zake mara mbili ndani ya dakika moja na kupata majibu mawili tofauti. Swali la kwanza limejibiwa na seva kuu, la pili na seva nakala. Fundi akiamshwa usiku kwa jambo hili, kishawishi chake cha kwanza ni kuyaelekeza maswali yote kwenye seva yenye jibu linalopendeza, kisha arudi kulala. Malalamiko yatakoma, kasoro itabaki palepale.

Mara nyingi sababu ni kuchelewa tu. Mabadiliko huandikwa kwanza kwenye seva kuu, nakala huyafuata, na kazi ikizidi huachwa nyuma. Ukisubiri kidogo majibu hukutana. Yasipokutana, kuna jambo jingine.

Hifadhidata ya MySQL iliwahi kuwa na desturi ya kuzituma amri zenyewe kwenye nakala ili zirudiwe huko. Amri ya kufuta safu kumi bila kutaja mpangilio iliweza kufuta kumi hizi huku na kumi nyingine kule, na kila seva ikawa imetii. Tangu toleo 5.7.7, usipochagua vinginevyo, hutumwa safu zilizobadilika.

Kisa kinachonifikirisha zaidi ni cha PostgreSQL. Kwa kawaida hifadhidata hii haijiamulii neno lipi litangulie lipi. Huiuliza maktaba ya mfumo endeshi, ambayo kwenye Linux nyingi ni glibc. Mwaka 2018, toleo 2.28 la glibc lilibadilisha kanuni za kupanga. Kwa mpangilio wa Kiingereza cha Marekani, “11” ilikuwa ikitangulia “1-1”. Baada ya hapo “1-1” ikatangulia. Sasa chukua seva kuu yenye mfumo wa zamani na nakala yenye mfumo mpya. Faharasa hunakiliwa jinsi ilivyojengwa, lakini nakala huitafuta kwa kanuni mpya, sawa na mtu anayefungua kamusi akiwa na alfabeti nyingine kichwani. Inafika pale neno linapopaswa kuwa, inalikosa, inajibu kwamba halipo. Nalo lipo! Ilazimishe isome jedwali zima bila faharasa, utaliona.

Jibu lenyewe haliji na onyo lolote. Nakala hutamka “halipo” kwa uhakika uleule inaoutumia ikisema kweli. Tumezoea kwamba wawili wakipingana, mmoja anadanganya, tumtafute tumwadhibu. Hapa data ni ileile, na kila upande umefuata kanuni yake barabara. Anayeharakisha kuijenga upya nakala bila kuuliza imepangwa kwa kanuni gani atarudishiwa hitilafu ileile, kwa kuwa mfumo wa chini haujabadilika. (Uvivu wa kuandika matoleo ya mifumo mahali panapoonekana na wote umewagharimu mafundi usingizi mwingi.)

Kupingana kukiwa kwa kweli, yaani kila upande umeandikwa mambo ambayo mwenzake hana, hakuna hila ya kitaalamu itakayomwondolea mtu wajibu wa kuchagua. Tarehe 21 Oktoba 2018, mawasiliano ya kituo kikuu cha data cha GitHub, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, mashariki mwa Marekani yalikatika kwa sekunde 43. Programu ya kusimamia seva ikahamishia uongozi magharibi, huku mashariki kukiwa kumeshaandikwa mambo ambayo hayajavuka. Wahandisi wangeweza kutupa upande mmoja na kuendelea na kazi. Walikataa. Walisimamisha baadhi ya huduma, wakarejesha data kutoka kwenye akiba, wakasubiri nakala zifikie hali moja, na huduma ikayumba kwa saa 24 na dakika 11.

Wapo wanaoona huo ni uzembe: siku nzima kwa ajili ya sekunde 43? Mimi nasema walifanya sawa. Huduma iliyolala huamka. Maandishi ya mtu yaliyotupwa kimyakimya hayarudi, na mwenyewe huenda asijue kamwe kwamba yalikuwepo. Basi wewe uliyekabidhiwa seva za watu, kabla ya kuzisawazisha, weka akiba ya pande zote mbili kama zilivyo, na waambie wenye data kwamba majibu hayajakubaliana.