Jicho la Mtoto ni Amana

Twaulizwa swali hili: mtoto acheza, ala vizuri, wala hashitaki maumivu, yapasa kweli kumpeleka akatazamwe ndani ya jicho, kutafutwe maradhi ambayo huenda hana? Na yakionekana, ni halali mzazi kuridhia jicho litolewe? Wako wasemao kuwa huko ni kujitafutia mashaka, na kwamba mwenye tawakali humwachia Mungu.

Kwanza tulifahamu jambo lenyewe. Iko saratani iitwayo retinoblastoma, iotayo katika retina, yaani utando wa nyuma ya jicho upokeao nuru. Huwashika watoto wadogo, aghalabu kabla ya miaka 5. Alama zake ni mng'ao mweupe ndani ya mboni, mfano wa jicho la paka gizani, au jicho kwenda kombo. Mwanzoni haiumi. Ikiachwa hufuata mshipa wa kuonea mpaka kwenye ubongo, ikaua. Ikipatikana ingali ndani ya jicho, watoto walio wengi hupona, ijapokuwa baadhi yao hutolewa jicho. Uko na uvimbe uotao katika mshipa wenyewe. Huo hukua polepole, na picha ya ndani ya jicho huweza kuonyesha kichwa cha mshipa kimevimba au kimepauka. Picha haikati hukumu. Yaonyesha tu nani apelekwe kwa tabibu bingwa.

Ama tawakali, ni kweli kuwa maulamaa wengi hawakuwajibisha matibabu, na Imamu Nawawi, katika wanazuoni wetu wa Kishafi, aliona kuacha dawa kwa kutawakali ni fadhila. Lakini hayo ni ya mtu na nafsi yake. Baba hawezi kutawakali kwa macho ya mwanawe. Mafakihi wamekubaliana kuwa amri ya walii hufungamana na maslahi ya anayesimamiwa, na kwamba dhara kubwa huepukwa kwa kustahamili lililo dogo. Jicho moja ni dogo mbele ya roho. Wengine huhofu kuwa binti mwenye jicho moja hataposwa. Twasema: aliye kaburini naye haposwi.

Wala kutazama huku si kupiga ramli. Mpiga ramli hudai ghaibu. Tabibu hutazama kilichopo. Ali bin Isa wa Baghdad aliandika kitabu kizima juu ya maradhi ya macho yapata miaka elfu iliyopita, wala hakuwa mpungufu wa imani kwa hilo.

Yabaki haki ya walio mbali. Toka Garissa hadi Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, ni zaidi ya kilomita 350. Mandera ni mbali zaidi ya mara mbili ya hapo, na mfugaji hufuata maji na malisho. Kumlaumu huyo kwa kuchelewa, naye hakuonyeshwa njia, ni dhuluma. Huko Nakuru, utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa simu ya mkononi iliyotiwa kifaa yaweza kupiga picha njema ya kichwa cha mshipa wa jicho, hata mpigaji asipokuwa tabibu. Waliopimwa walikuwa watu wazima, basi tusidai kuwa ya watoto yamekwisha. Lakini yatosha kubainisha kuwa chombo chaweza kumfuata mtu, si mtu peke yake kukifuata chombo.

Basi wajibu wa mzazi ni kutazama na kuwahi. Na wajibu wetu sisi wa mijini, ambao ni faradhi ya kutoshelezana, ni nauli, malazi na kufikisha habari. Uonapo weupe katika mboni ya mtoto, usingoje aumwe.