Shada la bibi harusi: Tunalibeba kwa ajili ya nani?

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake na Masahaba zake.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu katika sekondari, na kila siku nawaambia wanafunzi wangu kuwa neno "haramu" halitamkwi bila dalili. Siku tuliyokaa kikao cha familia kupanga harusi ya mdogo wangu wa kike, mimi mwenyewe nililisahau somo langu. Katika bajeti palikuwa na shada la mawaridi, shilingi 90,000. Mahari aliyoitaja binti mwenyewe ilikuwa shilingi 100,000. Baba alikuwa kimya, nami nilijua kuwa pesa ya mchele alikuwa ameshaikopa. Nikaropoka: "Shada hilo haramu, mambo ya makafiri hayo!"

Mdogo wangu akaniangalia, machozi yakimlengalenga. "Kaka, dalili iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kuitafuta.

Nilianza kwa bibi yetu, mzaliwa wa Tanga. Aliniambia kuwa zama zao bibi harusi hakukosa maua. Asumini zilitungwa kwenye uzi, vikuba vikafungwa kwa asumini na mrihani, na maua yakamwagwa kitandani. Lakini maua yale yalikuwa ya harufu, tena ya ndani, kwa ajili ya mume. Kisha zikaja picha. Katika picha ya harusi ya wazazi wangu ya mwaka 1984, mama ameshika maua ya plastiki, ambayo baadaye yalikaa juu ya kabati la vyombo mpaka yakapauka. Siku hizi plastiki ni aibu. Yanatakiwa mawaridi mabichi, na rangi yake ioane na nguo za wapambe.

Na hao tunaowaiga je? Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa Februari 10, 1840, alivaa kichwani maua ya mchungwa, na mabibi harusi wengi wa Ulaya wakamfuata. Diana, Julai 29, 1981, alibeba shada kubwa lililoning'inia hadi karibu na miguu. Mkwewe Catherine, Aprili 29, 2011, akabeba kishada kidogo tu. Hao wenyewe hawajatulia mahali pamoja. Anayemfuata mtu asiyetulia, yeye atafika lini?

Ama dalili, Mtume (S.A.W) ametufundisha kuwa anayepewa mrihani asiukatae, kwani ni mwepesi kuubeba na una harufu nzuri. Hadithi hii ameipokea Muslim. Na wanachuoni wameweka kanuni kuwa asili ya vitu ni halali mpaka ije dalili ya kukataza. Kwa hiyo ua halina kosa. Mwenye kosa nilikuwa mimi, na nilimwomba radhi mdogo wangu mbele ya baba.

Hata hivyo yapo mambo matatu ya kutazama. Kwanza, israfu. Katika Surat al-Israa, aya ya 26 na 27, Allah (S.W) amewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani. Ua litakalonyauka kesho halifai kukopewa leo. Pili, ule mchezo wa bibi harusi kugeuza mgongo na kuwarushia wasichana shada, kwamba atakayelidaka ndiye atakayefuata kuolewa. Ndoa ni rizki, na rizki hutoa Allah, haidakwi ukumbini. Tatu, kujionyesha. Bibi yetu alivaa kikuba ili mumewe anuse. Sisi tunabeba shada ili ukumbi mzima utazame.

Nilipomweleza mdogo wangu hayo, alinijibu neno ambalo halijanitoka moyoni: "Kaka, sikutaka kumuasi Mungu. Nilitaka tu nisionekane fukara mbele ya wenzangu."

Hapo nikatambua kuwa maradhi hayako kwenye maua, wala kwa binti yule peke yake. Yako kwetu sisi wageni, tunaokula pilau la watu kisha tukarudi nyumbani tukihesabu kilichopungua. Midomo yetu ndiyo inayowakopesha wazazi.

Usiku wa kuamkia nikahi, bibi na shangazi zetu walikaa ukumbini kwa nyumba wakitunga asumini zilizochumwa kwa jirani. Mdogo wangu akashika kishada cha asumini na mrihani, kimefungwa kwa utepe mweupe. Wapo walionong'ona. Lakini nyumba nzima ilinukia, na baba hakuongeza deni.

Wazazi wenzangu, vijana wetu wanachelewa kuoa kwa sababu ya vitu kama hivi. Mtume (S.A.W) ametwambia, kama alivyopokea Abu Daud, kuwa ndoa bora ni ile iliyo nyepesi. Tuanze na ndimi zetu: tukialikwa, tule, tuwaombee dua maharusi, tuondoke.

Wabillahi tawfiq.